Galaksi zilicheleweshwa na mwanga

Makala nyingi nilizosoma kwa Kiswahili kuhusu asili ya galaksi zinasimulia hadithi ileile. Palikuwa na Mlipuko Mkuu, vitu vikatapakaa, kisha uvutano ukaanza kukusanya: gesi ikawa nyota, nyota zikawa galaksi, galaksi zikajipanga kwenye mafundo na nyuzi ndefu zilizozunguka mapengo matupu. Kazi yote inapewa uvutano. Mwanga hutajwa mwishoni, nyota zinapoanza kuwaka, na hapo hutajwa kwa uzuri wake tu.

Usimulizi huo unaacha nusu ya habari. Kwa miaka kama 50,000 ya mwanzo, mionzi, yaani mwanga na chembe nyingine zinazokimbia kama mwanga, ilikuwa na nishati kubwa kuliko maada yote kwa pamoja, ile ya kawaida iliyotuumba sisi na ile ya giza ambayo hadi leo hakuna chombo kilichoinasa. Mionzi ndiyo iliyopanga kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Iliizuia maada isijikusanye, ikafuta vilima vidogo, yaani sehemu zenye maada nyingi kidogo kuliko jirani zake, ikaacha alama ya urefu maalumu ambayo bado inapimika kwenye ramani za galaksi. Baadaye sana, nyota za kwanza zilipowaka, mionzi ilirudi kazini kwa sura nyingine na kuzinyima galaksi ndogo gesi yao. Uvutano ulivuta, hilo halina ubishi. Lakini lini, wapi, na kwa ukubwa gani, mwanga ulikuwa na neno lake, na mara nyingi neno lenyewe lilikuwa "subiri".

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Darasani tunazungumza Kiingereza, kama mtaala unavyotaka, ila maswali ya maana huja kwa Kiswahili kengele ikishalia. Siku niliyogusia habari hii juu juu, binti mmoja alinifuata hadi mlango wa maabara.

"Mwalimu, samahani. Umesema mwanga ulikuwa unaizuia maada. Lakini fotoni haina tungamo. Sasa inamzuiaje mwenye tungamo?"

Nikamrudisha ubaoni. Nikamwambia achore boksi lenye protoni kadhaa na fotoni kadhaa, yaani chembe za mwanga, kisha kila upande wa boksi auzidishe mara mbili. Akachora. Ujazo umekuwa mara 8. Protoni ni zilezile, kwa hiyo katika kila sentimita ya ujazo imebaki sehemu moja ya nane. Fotoni nazo zimetawanyika kwa kiasi hichohicho.

"Nimemaliza," akasema.

"Bado. Anga lenyewe limetanuka. Wimbi la fotoni limo ndani ya anga hilo."

Akanyamaza, chaki mkononi, kisha akaandika mwenyewe: urefu wa wimbi mara mbili, nishati nusu. Moja ya nane mara nusu. Moja ya kumi na sita. Akaipigia mstari.

Tofauti hiyo ya 8 na 16 ndiyo iliyobeba kila kitu kinachofuata. Leo maada ina nishati mara 3,400 hivi ya mionzi iliyosalia tangu Mlipuko Mkuu, nyutrino, chembe nyepesi mno, zikihesabiwa humo. Ukiurudisha ulimwengu nyuma, kila unapoupunguza nusu, pengo kati ya maada na mionzi nalo linapungua nusu. Ukifika pale ulipokuwa mdogo mara 3,400 kuliko sasa, ni sare. Ukizidi kurudi hadi ulipokuwa mdogo mara 34,000, mionzi inaizidi maada mara kumi, na huko nyuma zaidi maada inakuwa kitu cha kuhesabiwa mwishoni.

Kuhusu tungamo, jibu lake liko kwa Einstein. Katika nadharia yake ya 1915, tungamo ni aina moja tu ya kinachovuta. Nishati yoyote inavuta, na shinikizo nalo linavuta. Fotoni moja si kitu. Lakini kwa kila protoni moja ulimwenguni zipo fotoni zaidi ya bilioni moja za mabaki hayo, na enzi tunazozisema kila moja ilikuwa na nishati maelfu ya mara kuliko ilivyo leo. Hapo ndipo binti yule alipoelewa kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, na mimi nikachelewa chakula cha mchana.

Sasa tuone mionzi ilifanya nini na utawala wake.

Chukua sehemu ya ulimwengu mchanga ambayo, kwa bahati tu, ina maada ya giza nyingi kidogo kuliko jirani zake. Uvutano wa ziada hiyo unataka kuikusanya. Ili ifanikiwe inahitaji muda, na muda huo unategemea wingi wa maada iliyopo hapo. Wakati huohuo ulimwengu mzima unatanuka, na kasi ya kutanuka inategemea jumla ya nishati yote. Katika enzi ya mionzi, jumla hiyo karibu yote ni fotoni na nyutrino. Kwa hiyo maada inajaribu kujikusanya kwa mwendo wake wa polepole, huku anga linatanuka kwa mwendo wa mwingine mwenye nguvu zaidi. Kabla sehemu ile haijasogea, jirani zake wameshakuwa mbali. Ziada inabaki ziada, inaongezeka kwa kiwango cha kinyonga, na haifiki popote.

Mwanafizikia Peter Mészáros alilieleza hili kwa hesabu mwaka 1974, na mpaka leo mzuio huo unaitwa kwa jina lake. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mionzi yenyewe isijikusanye, maana nayo inavuta. Haiwezi kutulia. Fotoni zikisongamana mahali, shinikizo lao ni theluthi moja ya nishati yao, na shinikizo kubwa kiasi hicho linazisukuma nje mara moja. Mionzi ilikuwa na nguvu ya kuwanyima wengine nafasi ya kujenga, lakini yenyewe haikuweza kujenga.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mzuio huu haukuwapata wote sawa. Sehemu yenye ziada haianzi kuathirika mpaka mwanga uwe umepata muda wa kuivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vilima vidogo vilivukwa mapema, mionzi ikiwa bado inatawala, vikakaa vimezuiwa muda mrefu. Vilima vipana vilivukwa baadaye, utawala wa mionzi ukiwa umekwisha, na havikuonja mzuio kabisa. Katikati kuna mpaka: upana ambao mwanga ulikuwa umeweza kuuvuka wakati ule wa sare. Kwa vipimo vya leo ni mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru.

Wapima galaksi wanapochora mchoro wa wingi wa vilima dhidi ya upana wake, mstari unapanda, unafika kileleni, kisha unashuka. Kilele kiko kwenye mpaka huo. Ukiambiwa mafundo na mapengo ya galaksi yana ukubwa fulani unaojirudia, sababu kubwa iko hapo: ni saa ambayo mionzi ilishindwa kura, imeandikwa kwa umbali. Kama ningelazimishwa kuchagua mchoro mmoja wa fizikia wa kubandika ukutani maabara, ningeacha ule wa atomu na kuchukua huu.

Nyutrino nazipita haraka. Zilikuwa sehemu kubwa ya mionzi ya mwanzo, karibu asilimia 41 ya nishati yake, na kwa sababu hazigusani na kitu chochote zilikuwa zikitoka kwenye vilima na kwenda zao, zikivipunguzia uvutano. Kwa kupima jinsi galaksi zilivyojipanga, watu leo wanaweka kikomo cha tungamo la nyutrino. Hilo ni somo la siku nyingine.

Maada ya kawaida, yaani protoni na elektroni, ilikuwa na taabu ya ziada. Maada ya giza haigusani na mwanga, kwa hiyo ilizuiwa na kutanuka tu. Ya kawaida ilikuwa imeshikwa moja kwa moja. Joto lilikuwa kubwa mno kwa atomu kushikamana, elektroni zilikuwa huru, na elektroni huru ni kizuizi kikubwa cha mwanga. Fotoni haikuweza kwenda mbali bila kugonga elektroni, na elektroni haikuweza kwenda popote bila kusukumwa na fotoni. Wawili hao wakawa kitu kimoja.

Sasa fikiria kitu hicho kimoja kikianguka kwenye kilima cha maada ya giza. Uvutano unakivuta ndani. Kinasongamana, shinikizo la mwanga linapanda, linakirudisha nje. Kikifika nje kinapungua nguvu, kinavutwa tena. Ndani, nje, ndani, nje. Hayo ni mawimbi ya sauti, na nasema sauti kwa maana yake halisi ya fizikia: msongamano na mlegeo unaosafiri. Kwa sababu kinachosukuma ni mwanga, sauti hiyo ilisafiri kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Andrei Sakharov aliliona wazo hili katika miaka ya 1960, na mwaka 1970 makundi mawili yalikokotoa jinsi lilivyotakiwa kuonekana: Jim Peebles na Jer Yu huko Marekani, Yakov Zel'dovich na Rashid Sunyaev huko Urusi ya Kisovieti. Wakati huo hakukuwa na kifaa chochote duniani kilichoweza kulithibitisha.

Sauti hiyo ilikatika ghafla ulimwengu ulipofikisha miaka kama 380,000. Joto lilishuka hadi kelvini 3,000 hivi, elektroni zikashikamana na protoni, hidrojeni ikawa atomu kamili, na mwanga ukaachiwa.

Hata tarehe hiyo iliwekwa na wingi wa fotoni. Kuivunja atomu ya hidrojeni kunahitaji elektronivolti 13.6. Kwenye kelvini 3,000, fotoni ya wastani haina hata elektronivolti moja. Kwa akili ya haraka hidrojeni ingetakiwa kushikamana mapema zaidi, joto likiwa juu sana kuliko hapo. Lakini fotoni zikiwa zaidi ya bilioni kwa kila protoni, hata zile chache mno zenye nguvu ya kupita kiasi zinatosha kuivunja kila atomu inayojaribu kuungana. Ikabidi joto lishuke, lishuke tena, mpaka hata hizo chache ziishe.

Mwanga ulioachiwa siku hizo bado upo. Umetanuka mara 1,090 hivi, umepoa hadi kelvini 2.725, na kuna fotoni zake kama 411 katika kila sentimita moja ya ujazo, hapo ulipo pia. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa mwaka 1964 kwa antena kubwa ya pembe huko Holmdel, New Jersey, kama kelele ya redio isiyokoma kwenye wimbi la sentimita 7.35. Waliwashuku hata njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani ya antena; wakawaondoa, wakafagia kinyesi, kelele ikabaki palepale. Mwaka 1978 walipewa Tuzo ya Nobel.

Mimi niliuona kabla sijajua jina lake. Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio na TV, enzi za antena za nje zinazozungushwa na mtoto aliyepanda juu ya bati huku watu wazima sebuleni wakipiga kelele: "Hapohapo! Aa, umepitisha! Rudi!" Stesheni ikikosekana, kioo kilijaa chenga na spika ikatoa ule mlio wake wa shhh. Nyingi ya chenga zile zilitokana na kifaa chenyewe na kelele za mazingira, lakini kama asilimia moja ilikuwa mwanga huu niliousimulia, umesafiri miaka bilioni 13.8 na kuishia kwenye TV mbovu mezani kwa mjomba. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012, ving'amuzi vikaingia, na sasa mawimbi yakikosekana kioo kinakuandikia tu kwamba hakuna mawimbi. Kwa habari za mpira ni nafuu. Kwa mwalimu wa fizikia ni hasara, maana nimebaki nikiwaeleza wanafunzi chenga ambazo hawajawahi kuziona.

Kulikuwa na tatizo kubwa, na liliwanyima watu usingizi katika miaka ya 1970. Ikiwa maada ya kawaida ilishikwa na mwanga mpaka miaka 380,000, basi vilima vyake vilianza kukua baada ya hapo tu. Tangu wakati huo ulimwengu umetanuka mara elfu na kidogo, na kilima kinachokua kwa uhuru hukua kwa kiwango hichohicho, mara elfu. Ili leo kuwe na galaksi, ilibidi wakati ule vilima viwe na ziada ya angalau sehemu moja kwa elfu, na ziada hiyo ilitakiwa ionekane kwenye mwanga wa Holmdel kama tofauti za joto kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Watu wakapima. Hakuna. Wakaboresha vifaa. Hakuna. Kila kikomo kipya kiliwasogeza karibu na hitimisho kwamba galaksi hazikutakiwa kuwepo.

Isitoshe, Joseph Silk alikuwa ameshaonyesha mwaka 1968 kwamba mwanga uliharibu zaidi ya kuzuia. Karibu na wakati wa kuachiwa, fotoni zilianza kupenya polepole kutoka sehemu zenye msongamano kwenda zisizo nao, zikigonga hapa na pale, na kila zilipotoka ziliburuta elektroni. Vilima vidogo vya maada ya kawaida vikasawazishwa kabisa. Vyenye ukubwa wa galaksi moja moja viliangukia humo. Kwa hiyo kama ulimwengu ungekuwa na protoni, elektroni na mwanga peke yake, hata mbegu za galaksi zingekuwa zimefutwa kabla ya kuota. Alama ya ufutaji huo imeonekana: darubini za jangwa la Atacama na za Ncha ya Kusini zimepima mwanga ule kwa undani, na ukiangalia vipande vidogo kuliko sehemu ya kumi ya nyuzi moja, tofauti za joto zinafifia haraka, kama Silk alivyosema.

Mwaka 1982 Peebles alipendekeza njia ya kutokea: sehemu kubwa ya maada iwe ya aina isiyogusana na mwanga. Aina hiyo ingeanza kujikusanya mara tu utawala wa mionzi unapoisha, kwenye miaka 50,000, bila kusubiri ruhusa ya fotoni, na ufutaji wa Silk usingeigusa. Wakati maada ya kawaida inaachiwa kwenye miaka 380,000, ingekuta visima vya uvutano vimeshachimbwa na kuanguka ndani. Mwanga ungebaki laini, na bado galaksi zingepatikana. Miaka kumi baadaye, mwaka 1992, satelaiti ya COBE ikatangaza tofauti zilizotafutwa: sehemu moja kwa laki moja hivi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi. Sehemu moja kwa laki moja ya kina hicho ni kiwimbi cha sentimita moja na nusu. John Mather na George Smoot walipata Nobel kwa kazi ya COBE mwaka 2006, Peebles akapata ya kwake 2019.

Watu wengi wakisikia maada ya giza hufikiria jinsi galaksi zinavyozunguka, ushahidi uliosifiwa sana. Mimi naona ushahidi huu wa mwanga una nguvu zaidi. Kasi ya mzunguko wa galaksi unaweza kujaribu kuieleza kwa kuurekebisha uvutano. Kueleza jinsi kiwimbi cha sentimita moja na nusu kilivyozaa galaksi chini ya ulinzi mkali kiasi kile, bila kitu kisichogusana na mwanga, ni kazi ambayo sijaona aliyeimaliza.

Na ile sauti? Haikupotea. Kutoka kwenye kila kilima wimbi lilikuwa limesambaa pande zote kama tufe, na mwanga ulipoachiwa lilikuwa limefika umbali wa miaka ya nuru kama 450,000, maana anga lilikuwa likitanuka huku wimbi likisafiri. Shinikizo likaondoka, wimbi likasimama lilipofika, na protoni zilizokuwa zimebebwa nalo zikabaki pale pembeni, mbali na kitovu. Zikawa mbegu za ziada. Tangu hapo umbali huo umetanuka pamoja na kila kitu, na leo ni takriban miaka ya nuru milioni 480.

Maana yake ni kwamba ukichagua galaksi yoyote na kuuliza nyingine ziko umbali gani, utakuta ziada ndogo sana, ya asilimia moja hivi, kwenye milioni 480. Haionekani kwa macho. Ukiangalia ramani huoni tufe lolote, kwa sababu matufe ni mengi na yameingiliana. Inatoka kwenye takwimu tu. Mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Daniel Eisenstein liliipata katika galaksi 46,748 zilizopimwa na darubini ya Sloan kule New Mexico, na mwaka huohuo kundi jingine likaipata kwenye ramani iliyotengenezwa Australia. Shinikizo la mwanga la miaka laki chache za mwanzo lilikuwa bado limeshikilia galaksi mahali pake. Tangu hapo alama hiyo imekuwa chombo cha kazi. Kwa kuwa urefu wake wa asili unajulikana, ukiiona katika enzi tofauti unajua ulimwengu ulikuwa umetanuka kiasi gani kila enzi. Mradi wa DESI, ulioanza kupima mwaka 2021 kule Arizona, uliitumia kwenye galaksi na kwasa (vitovu vya galaksi za mbali vinavyong'aa kupita kiasi) zaidi ya milioni 6 za mwaka wake wa kwanza, na matokeo ya 2024 yakaanza kuleta minong'ono kwamba nishati ya giza, ile inayoongeza kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, huenda inabadilika kadiri muda unavyokwenda. Minong'ono bado ni minong'ono.

Baada ya mwanga kuachiwa, ulimwengu uliingia gizani. Hidrojeni ilipoa, hakukuwa na nyota, uvutano hatimaye ulifanya kazi bila kusumbuliwa. Hapo mtu angedhani mionzi imemaliza mchango wake.

Nyota za kwanza zilipowaka zilikuwa kubwa na za moto, na zilimwaga mionzi ya urujuanimno, ile yenye nguvu ya kuivunja hidrojeni tena. Kila galaksi changa ilichonga kiputo cha gesi iliyovunjwa kuizunguka. Viputo vikakua, vikagusana, vikaungana. Kufikia miaka bilioni moja hivi baada ya Mlipuko Mkuu, karibu hidrojeni yote iliyo kati ya galaksi ilikuwa imevunjwa, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. James Gunn na Bruce Peterson walieleza mwaka 1965 jinsi ya kulipima jambo hili: mwanga wa kwasa ya mbali ukipita kwenye hidrojeni isiyovunjwa, kipande fulani cha rangi zake kinamezwa chote. Kwasa ya kwanza yenye alama hiyo kamili ilitangazwa mwaka 2001.

Gesi iliyovunjwa ni gesi iliyopashwa moto, hadi kelvini kama 10,000. Kwa galaksi kubwa kama yetu hilo halikuwa tatizo. Uvutano wake unaishikilia gesi ya joto hilo bila shida. Kwa vilima vidogo vya maada ya giza ilikuwa balaa. Gesi yao ilichemka ikatoka, na iliyoko nje ikawa moto mno kuingia. Vikabaki vitupu, au na nyota chache zilizowahi kuzaliwa kabla ya joto kufika.

Ndiyo sehemu ya jibu la fumbo lililotolewa mwaka 1999, pale kompyuta zilipotabiri kwamba Njia Nyeupe, galaksi yetu, inatakiwa kuzungukwa na galaksi ndogo mamia, wakati zilizojulikana zilikuwa kumi na kitu, mbili kati yake zikiwa Mawingu ya Magellan ambayo sisi wa kusini tunayaona kwa macho penye giza safi. Tangu hapo zimepatikana nyingine, sasa ni zaidi ya 50, na baadhi ni hafifu kupita kawaida. Segue 1, iliyoko umbali wa miaka ya nuru kama 75,000 upande wa kundinyota la Simba, mwanga wake wote ni sawa na wa Jua 300 hivi. Suheli, nyota moja, ile ambayo manahodha wa pwani waliitumia kushika njia, inang'aa zaidi ya mara 30 ya galaksi hiyo nzima. Darubini ya Hubble ilipochunguza nyota za galaksi hafifu za aina hii, ilikuta nyingi zilizaliwa zaidi ya miaka bilioni 12 iliyopita, kisha uzazi ukakoma. Muda unakubaliana na ule wa viputo kuungana.

Kuna mionzi nyingine ya enzi hizo, na hapa pwani yetu inaingia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kupima eksirei za anga. Ilikuwa siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, na Wamarekani walioimiliki wakaipa jina Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339. Ilikuta mafundo ya galaksi yakitoa eksirei kutoka kwenye gesi ya moto sana iliyojaa katikati yake. Na ilipoitazama Centaurus X-3, kimoja cha vyanzo hivyo, iliona mapigo ya kila sekunde 4.8 yakififia na kurudi kila baada ya siku mbili na kidogo: nyota mbili zinazozungukana, moja imekufa na kusongamana, inainyonya gesi ya mwenzake, na gesi inapoanguka inawaka kwa eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Jozi za namna hiyo zilikuwepo pia miongoni mwa nyota za mwanzo. Mionzi ya urujuanimno humezwa na hidrojeni iliyo karibu, ndiyo maana inachonga viputo vyenye kingo. Eksirei hupenya mbali, hivyo huipasha joto kidogo kidogo hata gesi ambayo hakuna kiputo kilichoifikia. Hidrojeni hiyo isiyovunjwa hutoa wimbi lake la redio la sentimita 21, na katika Karoo, Afrika Kusini, kuna antena 350 zenye kipenyo cha mita 14 kila moja, mradi wa HERA, zilizotazama juu kulitafuta. Kulitenganisha na kelele za redio za galaksi yetu, zenye nguvu maelfu ya mara, ni kazi ya miaka. HERA haijalipata. Ila imeshafika kiwango ambacho, kama gesi ile ingebaki baridi mpaka viputo vilipoanza kuenea, tofauti yake na mwanga wa Holmdel ingekuwa kubwa na wangeiona. Hawakuiona. Gesi ilikuwa imeshapashwa, na wanaoshukiwa zaidi ni jozi za nyota zinazonyonyana, jamaa za ile ya Centaurus.